Mwalimu na Programu Kuukuu

Mtu akiingia chumbani kwa Mwalimu wakati wa kazi, Mwalimu hakuinua uso mpaka amalize mstari. Mstari wenyewe ulikuwa wa manjano, juu ya kioo cheusi cha kompyuta, ukitoka kwenye duara moja dogo kwenda kwenye duara jingine, ukipinda njiani kuikwepa mistari iliyotangulia. Aliusukuma polepole, kama anayetunga uzi sindanoni. Ukifika, aligonga kitufe kwa nguvu, akageuza kiti, ndipo akasalimu. Salamu yake ilikuwa kamili, ya kuulizia nyumba nzima hadi paka, wala hakuomba radhi kwa kumweka mgeni wima mlangoni.

Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyeletwa Amu na serikali kufundisha umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi. Alipanga ghorofa ya juu ya nyumba yetu mtaani Mkomani kabla mimi sijajua kusoma, na alikuwa bado yuko pale nilipoanza kuandika vitabu. Mji una walimu wengi, lakini mtu akisema "Mwalimu" tu, hakuna aliyeuliza ni yupi.

Chumba alichokaa kina zidaka ukuta mzima, vile vishimo vya plasta ambamo bibi zetu walipanga sahani za kizungu na za kichina. Mwalimu alipanga humo makopo ya maziwa ya watoto yaliyojaa vipande vya umeme: vyenye miguu miwili kopo lao, vya miguu mitatu kopo lao, na vile vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu vilikaa peke yao, juu kabisa. Mama yangu, mwenye nyumba, alipopanda mara ya kwanza kuangalia mpangaji ametulia vipi, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mwalimu, zidaka hizo ni za vyombo."

"Na hivi ni vyombo, Bi Khadija."

"Vyombo ni vya kulia."

"Nami nakula kwa hivi."

Mama alicheka akashuka, na tangu siku hiyo walizoeana kwa namna yao: kila neno la adabu lilikuwa na kijiba ndani yake, na kila kijiba kilifungwa kwa adabu. Walibishana zaidi kuhusu samaki. Mwalimu aliishi kisiwani miaka yote ile bila kula samaki hata kipande. Alisema samaki ana macho.

"Na ng'ombe hana mato?" mama aliuliza kwa Kiamu chake.

"Anayo. Lakini hafiki nayo kwenye sahani."

Hayo ndiyo watu wa mtaa waliyopenda kusimulia. Mimi nilipenda mengine zaidi. Nilipenda namna alivyoipima siku yake kwa adhana, yeye ambaye Jumapili hakukosa kanisani. Alikuwa akisema "tutakutana baada ya alasiri" kama mzaliwa wa mtaa wa Langoni, na muadhini akichelewa kidogo alitazama saa yake kwa hasira, kama mwanafunzi amechelewa darasani. Nilipenda pia jinsi alivyowadharau watu wanaopiga kompyuta makofi ikigoma, kisha nikamkuta siku moja akiipiga yake, taratibu, ubavuni, huku akiisemesha kwa lugha ya kwao.

Chuoni alisifika kwa ukali. Wanafunzi walichora saketi kwa mkono, kwa penseli na rula, na mstari uliopinda ulirudiwa. Yeye mwenyewe hakuchora kwa mkono hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba karatasi ya Amu hailali peke yake: hulala na mchwa, na unyevu, na kombamwiko. "Wanafunzi wachore karatasi, wajifunze. Mimi nikitaka kitu kidumu, nakiweka ndani ya mashine." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, mkono juu ya kompyuta yake kama mtu aliyeuweka juu ya bega la ndugu.

Kitu alichotaka kidumu kilikuwa kiboksi. Visiwa vyetu vya mbali hupata umeme wa jua, na umeme wa jua huishi kwenye betri. Betri ikinyonywa mpaka mwisho hufa, na mtu mwenye friji au redio au kipaza sauti cha msikiti huinyonya mpaka mwisho kwa sababu usiku ni mrefu na jua halina haraka ya kutoka. Kuna vifaa vya dukani vya kuzuia hilo, lakini vilikufa kwa chumvi kabla ya betri zenyewe. Ndipo Mwalimu akabuni chake. Alikichora kwenye kompyuta, akachapa mchoro, akauhamishia kwenye bodi ya shaba, akaitia bodi kwenye asidi mpaka zikabaki njia za shaba tu, akalehemu vipande, kisha akamwagia kitu kizima gundi ya maboti ya faiba iliyochanganywa na masizi. Ikikauka ilikuwa nyeusi na ngumu kama jiwe, na chumvi haikuona pa kuingilia.

Watu wa visiwani walikiita kiboksi cha Mwalimu. Vilikuwa Pate, Kiwayu, Ndau, katika zahanati na misikiti, na kwenye vibanda vya wauza barafu. Kikifa, hakikutengenezwa. Kilikatwa, kikatupwa, kikatengenezwa kingine kutoka kwenye mchoro uleule. Wako waliosema kwamba gundi nyeusi haikuwa ya chumvi bali ya kuficha kazi yake isiigwe. Nilimwuliza na hilo.

"Mwanzo ilikuwa ya chumvi," alisema.

Mchoro ulikaa ndani ya programu ambayo Mwalimu aliipata ujanani, kwenye kozi fulani huko bara, na kompyuta iliyokuja nayo ilipandishwa kutoka gatini hadi kwetu juu ya punda. Programu ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Haikuwa na picha wala rangi nyingi. Ilikuwa na kioo cheusi, mistari ya manjano upande wa juu wa bodi, mistari ya bluu upande wa chini, na amri za kuandika kwa herufi ambazo Mwalimu alizijua kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani. Dunia ilibadilisha mifumo ya kompyuta mara nyingi, na kila mara Mwalimu alikataa. Wanafunzi wake wa zamani walimletea habari za programu mpya zinazoonyesha bodi kama kitu unachoweza kukishika. Aliwasikiliza vizuri. Kisha aliwauliza, "Na mchoro wangu utafunguka humo?" Haukufunguka, basi mazungumzo yaliishia hapo.

Kompyuta ile haikuzimwa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa siku nyingi, na mashine ikizimwa ilisahau kila kitu, hata kwamba ina diski. Mwalimu alilazimika kuikalisha chini kuihadithia upya yenyewe ni nini na ina nini tumboni. Kwa hiyo alituamuru sisi wote, kuanzia mama mpaka mfuaji nguo: usizime. Na sisi kwa kumheshimu tulilichukua neno hilo kama sheria ya nyumba.

Heshima hiyo ndiyo iliyoiua.

Kila mwaka kabla ya Maulidi nyumba yetu hupakwa chokaa, kama nyumba nyingine za mtaa. Mwaka ule Mwalimu alikuwa Pate kufunga kiboksi msikitini, na mama akaona ni fursa nzuri ya kupaka ghorofa ya juu bila kumsumbua mpangaji. Kabla ya kupaka hukwanguliwa chokaa kuukuu, na chokaa kuukuu hutoka kama unga. Mama akakumbuka kompyuta. Kuizima hakuthubutu, neno la Mwalimu lilikuwa neno. Akatoa leso mbili katika leso zake nzuri, akaifunika vizuri kabisa, akachomeka pindo huku na huku kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Mashine ikaendelea kufanya kazi mle ndani siku nzima, ikivuta pumzi kupitia leso, na pumzi yenyewe ilikuwa vumbi la chokaa.

Mwalimu aliporudi, ukuta ulikuwa unang'aa. Alifunua leso. Kompyuta ilikuwa moto kama mkate wa mofa uliotoka tanuruni sasa hivi, na ilikuwa kimya.

Mama aliyajua kabla hajaambiwa. Alikaa kwenye ngazi, mikono mapajani.

"Mwalimu, tumekuvundia kitu chako."

"Ulikifunika, Bi Khadija."

"Nalikifunika kisiingie vumbi."

"Ndiyo. Ningekuwa mimi, ningekifunika." Alizikunja leso zile mbili, moja juu ya nyingine, akamrudishia. "Zifue kwa maji baridi. Chokaa hula rangi."

Sikumwona akilia wala kununa. Alikaa mbele ya kioo kilichozimika akikitazama, na mama alipompelekea chai aliinywa.

Katika juma hilohilo zilikuja habari mbili. Ya kwanza ilitoka Ndau: radi ilikuwa imepiga karibu na zahanati, kiboksi kimeungua, na friji ya chanjo imezimika. Muuguzi wa kule, anayeitwa daktari na watu wote kwa kuwa hakuna mwingine, alituma ujumbe kwamba kila anapotaka kuchanja anasafirisha chanjo kwa boti ndani ya kasha la barafu, na barafu haimngoji mama aliyechelewa na mtoto wake. Habari ya pili ilitoka kwa binti yake Mwalimu, huko bara. Mwalimu alikuwa amestaafu, macho yake yalianza kufunga ukungu, na binti alisema muhula wa shule ukiisha atakuja kumchukua. Alimtangulizia laptopu mpya, ya kumliwaza.

Kwa hiyo shauri lilikuwa wazi, na Mwalimu mwenyewe alilieleza akiwa amesimama mbele ya zidaka. Mchoro usipofunguka kwenye mashine ambayo si yake, akiondoka yeye vitakufa viboksi vyote, kimoja kimoja, na cha kwanza kimekwisha kufa.

Alimwita Shee. Shee alikuwa mwanafunzi wake zamani, sasa mtu mzima mwenye mke na duka la kutengeneza simu Langoni, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Alikuja na bisibisi na waya wa kuunganisha diski kuukuu na mashine mpya. Aliifungua maiti ile, akapuliza chokaa, akatoa diski, akaiunganisha na laptopu. Ilizunguka.

"Ziko zote, Mwalimu. Faili zote. Alhamdulillahi."

"Fungua moja."

Shee alibofya. Laptopu haikujua faili ile ni kitu gani. Wakajaribu kuiweka programu yenyewe, kutoka kwenye diski zake za asili. Ukatokea ujumbe, na Mwalimu akausoma kwa sauti, akiwa ameishika miwani yake kama lenzi. "Programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Wasiliana na mtengenezaji." Aliishusha miwani. "Mtengenezaji alifunga duka zamani. Niwasiliane naye kwa maombi?"

Shee aliiagiza laptopu ijifanye ya zamani. Kuna mahali pa kuweka hivyo. Ilijifanya, na ikakataa vilevile. Akajaribu kujifanya kwa namna nyingine. Chai ikapoa. Muadhini wa alasiri akaadhini, Shee akaenda kusali akarudi, na ujumbe ulikuwa bado uko pale.

"Mwalimu," Shee alisema, "mimi nakwambia ukweli. Hii kitu imezeeka."

"Na mimi pia."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Endelea."

"Si tuichore tu upya? Kuna programu mpya, za bure, safi. Nitakaa mimi kwenye kiti, wewe uniambie."

"Nikwambie kutoka wapi?"

"Kutoka kichwani. Si wewe ndiye uliyechora?"

Mwalimu aligeuka akatazama zidaka, makopo yake. Mama alikuwa amepanda na sahani ya mahamri, akasimama palepale mlangoni.

"Shee, sikumbuki."

Shee alidhani anatania. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Najua kinavyofanya kazi," Mwalimu alisema, kwa sauti ileile aliyotumia darasani. "Ukubwa wa kila kipande siukumbuki. Kwa nini hiki nilikiweka hapa na si pale, sikumbuki. Kila kimoja kiliwekwa kwa sababu kuna kitu kiliungua mahali. Mara Kiwayu, mara Pate. Nilirekebisha mchoro nikaendelea na mambo mengine. Nikichora upya leo, nitaanza tena kuwaunguzia watu friji zao mpaka nifike pale nilipokuwa."

"Basi tufungue kiboksi kimoja, tuige."

"Kifungue."

Kiboksi kilichoungua cha Ndau kilikuwa mezani. Shee alikichukua, akakikwangua kwa bisibisi. Alikwangua mpaka kipande cha gundi kikaruka, na pamoja na gundi kikaruka kipande cha bodi, miguu na yote. Alikirudisha mezani taratibu. Mezani ulibaki unga mweusi wa masizi, na Mwalimu ndiye aliyeangalia pembeni.

Mama akaweka sahani. "Kuleni kwanza. Ndia haionekani kwa ndaa." Wakala.

Nadhani ni kule kula kulikowatuliza. Mwalimu alikuwa na mahamri mkononi alipouliza kinachokataa hasa ni kipi: ni programu, au ni kile kijiprogramu kinachoiingiza ndani ya mashine? Shee alikaa sawa. Walieleza baadaye, kila mmoja kwa namna yake, nami nilielewa hivi: mlango ulikuwa mzee kuliko nyumba. Kijiprogramu cha kuingiza kilitengenezwa kwa lugha ya mashine za kizazi cha nyuma zaidi, ambazo mifumo ya sasa imekata nazo undugu kabisa. Programu yenyewe ilikuwa changa kidogo. Hakukuwa na haja ya kupita mlangoni. Ilikuwa imekwisha kuingizwa zamani, iko mzimamzima ndani ya diski kuukuu. Inyanyuliwe na folda yake yote, ihamishwe kama ilivyo.

Wakaihamisha. Ikafunguka nusu, ikalalamika kwamba inakosa faili fulani. Faili ile wakaipata kwenye diski ileile, katika vyumba vya mfumo wa zamani. Ikafunguka, lakini makabati yake, zile orodha za vipande vya kuchorea, yalikuwa matupu, kwa kuwa iliyatafuta mahali ambapo sasa hapapo. Walipoielekeza, haikuweza kuandika ilichoelekezwa. Mifumo mipya hairuhusu programu iandike palipo na programu. Shee aliitoa folda nje, akaiweka peke yake mahali pa wazi. Akabofya tena.

Kioo kikawa cheusi. Kisha ikaja mistari ya manjano, na ya bluu chini yake.

Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, kwa sababu vioo vya sasa vina nukta ndogo mno kwa programu ya zamani. Mwalimu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Alipitisha kidole juu ya mstari mmoja, kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Halafu akamwambia Shee, "Toka kwenye kiti changu."

Bodi ya kwanza waliyoitengeneza ilikuwa nzuri kuitazama. Waliichapa, wakaihamishia kwenye shaba, wakaitia asidi, wakatoboa matundu. Ilipofika zamu ya kile kipande cha miguu mingi, mguu wa kwanza uliingia, wa pili uliingia kwa kulazimishwa, na wa mwisho ulisimama nje ya tundu lake kama mgeni asiyekaribishwa. Mwalimu alichukua rula akapima. Printa mpya ilikuwa imeupunguza mchoro kidogo ili ukae vizuri kwenye karatasi. Haikuambiwa, iliona yenyewe kwamba ni adabu.

Mwalimu alicheka. Nilikuwa nimemjua miaka mingi na sikuwa nimesikia kicheko kile, kirefu, cha kupandisha mabega. Mama alipiga kelele kutoka chini kuuliza kuna nini.

"Tumemshonea mtu mzima kanzu ya mtoto, Bi Khadija!"

"Basi fumueni!" mama akajibu.

Walifumua. Wakaizuia printa isijifanye ina adabu, wakachapa kwa kipimo chake hasa, na miguu yote ikaingia. Kiboksi kilipelekwa Ndau na Mwalimu mwenyewe. Nilifuatana naye. Muuguzi alitusimamisha kando ya friji, sote watatu, mpaka ikaanza kunguruma. Akaweka kiganja juu yake, akauliza kama tutakula wali.

Lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye. Mwalimu alipokuwa na hakika kwamba programu inafanya kazi, alimwita Shee na laptopu yake ya dukani, akamwambia aiweke humo tangu mwanzo. Shee akaweka. Mwalimu akatazama, akasema, "Futa."

"Nifute?"

"Futa. Anza tena. Mimi nimekaa tu."

Akafuta, akaanza tena. Alipokwama alimtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa akitazama dirishani. Alimfutisha tena kesho yake. Shee alishuka ngazi akinong'ona kwamba mwanamke huyu hakustaafu, amebadilisha chuo tu. Muhula ulipoisha binti alikuja, makopo yakaenda kwa Shee, na mama akarudisha sahani kwenye zidaka. Mimi niliona chumba kimekuwa kidogo.

Alirudi mara moja, kwa harusi ya kaka yangu. Macho yalikuwa yamefanyiwa upasuaji, nywele zimekuwa nyeupe, na alikuja na koti zito la bara alilolishika mkononi safari nzima. Siku ya pili ya harusi, wanawake wakiwa katika mapishi, aliniomba nimpeleke Langoni.

Shee alipomwona aliruka kutoka nyuma ya meza, akamshika mikono, akamkalisha kwenye benchi la wateja kwa kuwa hakuna kiti kingine. Waliulizana hali mpaka ikaisha. Mwalimu aliiona kompyuta iliyo mezani, mpya, nyembamba.

"Hiyo inaifungua?"

"Ilikataa, Mwalimu. Mfumo ulijibadilisha wenyewe katikati ya Ramadhani, nikaamka nikakuta haifunguki. Zile hila zetu zote hazikufaa."

"Ukafanyaje?"

"Nikatia kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Ni programu tu, inajifanya mashine nzima. Humo ndani dunia bado ni ya zamani, na programu yetu inadhani haijahama chumbani kwako."

"Sikukufundisha hilo."

"Hukunifundisha."

Mwalimu aliweka koti lake mapajani, akalinyoosha. Wakati huo akaingia mwanamke mmoja kutoka Kiwayu, amejitanda buibui, akakitua mezani kiboksi cheusi kwa kishindo.

"Kimekufa. Na barafu yangu yote imekuwa mayi. Mume wangu alikuwa akihamisha betri, akageuza nyaya."

"Pole, bibi. Kitawaka ukingoja, na gundi itakauka kabla ya jioni," Shee alisema, na alikuwa amekwisha kugeukia kompyuta. Ndani ya kioo kukafunguka kioo kingine, na ndani ya hicho ikaja mistari ya manjano. Akachapa. Akachukua rula, akaipima karatasi pande zote mbili kabla ya kufanya lolote. Rafuni alikuwa na bodi zilizokwisha kutobolewa. Akachukua moja, akailinganisha na karatasi, akaanza kulehemu.

Mwanamke alitugeukia sisi wa kwenye benchi, kwa kuwa kungoja kunataka maneno. "Mwaona hiki? Sijui nani alokitia lami ndani. Angekiwata wazi, mume wangu angelikitengeneza mwenyewe."

"Mumeo ndiye aliyegeuza nyaya?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiye."

"Basi lami ni afadhali."

Mwanamke alicheka hata akashika ukuta. "Wallahi kweli! Na wewe, mama, una kitu kimekufa?"

Shee aliinua kichwa, akafungua kinywa kusema.

"Mimi ni mgeni wa harusi," Mwalimu alisema. "Nimepumzika tu hapa."

Shee akainama tena juu ya kazi yake. Kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakikutaka kukaa. Alikigeuza, akakigeuza tena, na nikaona shingo yake ikianza kuelekea kwenye benchi letu. Mwalimu aliona pia. Aliyahamishia macho yake nje, kwa punda aliyebeba mawe ya matumbawe, na akayaacha huko. Shingo ya Shee ikarudi. Baadaye nikasikia mlio mdogo wa lehemu ikiyeyuka.

Kilipobaki kujaribiwa tu kabla ya kumwagiwa gundi, Mwalimu alisimama, akanishika mkono.

"Twende."

"Hungoji kuona kama kinawaka?"

"Hapana."

"Ni dakika tu, Mwalimu. Anaunganisha sasa hivi."

"Ndiyo maana," alisema. "Kisipowaka nikiwa nimekaa pale, ataniuliza mimi."

Tukatoka. Njia ya Langoni ilikuwa imejaa watu, tukapita upande upande, yeye mbele, koti begani. Nyuma yetu Shee alikuwa akimwambia yule mwanamke ashike waya mwekundu, si huo, mwekundu, na asiuache mpaka amwambie.